Titi la akriliki, la mipira au la printa: lipi likague mashine yetu ya matiti?

Radiografa mwenzangu wa Pemba, mdogo wangu kwa umri na kwa kazi, alinipigia simu jioni moja baada ya kufunga chumba. "Shikamoo dada. Tumepata fungu la kununua kifaa kimoja cha kukagulia mashine ya matiti. Muuzaji wa Dar ananisifia fantomu yake ya akriliki. Kijana wetu aliyesoma Tunguu naye ananambia nisipoteze pesa, atanichapia titi zima kwa printa ya 3D, na tezi zake na mafuta yake. Nichukue lipi?"

Nilimjibu papo hapo: akriliki, ile plastiki ngumu iliyo kama kioo. Nilipokata simu nikaona nimempa nusu ya jibu, nikakaa kumwandikia nusu iliyobaki. Ndiyo haya, nimeyapanua kwa sababu najua hayuko peke yake mwenye swali hili.

Kwa asiyeishi na vitu hivi, fantomu ni titi la mfano. Tunaliweka pale anapowekwa mgonjwa, tunalibana, tunalipiga eksirei, na kwa picha hiyo tunaijua hali ya mashine bila ya kumpa mtu mionzi ya majaribio. Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mama anatoka Micheweni kuja kupigwa picha. Ikiwa haisomeki, analipa mionzi mara ya pili na nauli mara ya pili. Mwengine anavuka bahari kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na picha zake mkononi, daktari wa kule anazitazama anasema zipigwe upya. Siku hizo zinazopotea, ugonjwa haumsubiri.

Maswali mawili yanayofanana kwa mbali

Kabla ya kutazama bei, jiulize unataka kujua nini. Swali la kwanza ni hili: mashine yangu leo iko kama ilivyokuwa jana? La pili: mashine hii, pamoja na macho haya yanayosoma picha, itauona uvimbe uliojificha ndani ya titi la mwanamke? Watu huyachanganya, na hapo ndipo wanaponunua kitu kisichowafaa.

Tabu ya titi ni kwamba ndani yake kila kitu kinafanana na jirani yake. Tunatumia mionzi hafifu, kilovolti 25 hadi 35 hivi, kwa sababu mionzi mikali ingepita kote sawasawa na picha ikawa kijivu kitupu. Hata kwa mionzi hafifu, tofauti ni ndogo. Mwaka 1987 Johns na Yaffe wa Canada walipima vipande vya nyama ya titi kwa mionzi ya keV 20 (keV ni kipimo cha nguvu ya mionzi): mafuta yalizuia kwa kiwango cha 0.46 kwa kila sentimita, tezi 0.80, saratani 0.84. Titi lililojaa mafuta halina shida, maana uvimbe unajitokeza mweupe kama mwezi. Lakini saratani iliyokaa ndani ya tezi imeizidi tezi kwa asilimia 5 tu. Matiti ya wanawake vijana ndiyo yenye tezi nyingi, na barani kwetu saratani hii huwapata wengi wakiwa bado vijana kuliko inavyokuwa Ulaya.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyomficha adui. Kimoja ni chenga za mashine yenyewe. Kingine ni maumbile ya titi, zile tezi na nyuzi zilizopandana. Fantomu nyingi za kununua hupima cha kwanza, na titi la kuchapwa lilibuniwa kwa ajili ya cha pili.

Akriliki: kitu cha kila wiki

Fantomu inayojulikana zaidi ni ile ya chuo cha madaktari wa radiolojia cha Marekani, ACR. Ni bonge la akriliki lenye kipande cha nta ndani, na katika nta mmepangwa vitu 16: nyuzi 6, makundi 5 ya vichembe, na vivimbe 5. Inawakilisha titi lililobanwa hadi sentimita 4.2, nusu tezi nusu mafuta. Uzi mnene kabisa una unene wa milimita 1.56 na mwembamba kabisa 0.40, vichembe vinashuka kutoka milimita 0.54 hadi 0.16. Kufaulu ni kuona angalau nyuzi 4, makundi 3 ya vichembe na vivimbe 3, na dozi ya wastani ya tezi, yaani mionzi inayomezwa na tezi, isizidi miligrei 3. Kwa mashine za kidijitali ipo ndugu yake mpya yenye vitu 18, ambavyo vimeshushwa ukubwa kwa sababu mashine zimekuwa na macho makali zaidi.

Uzuri wake ni kwamba haibadiliki. Ukiipiga leo na ukaipiga Ijumaa ijayo kwa mpangilio uleule, tofauti yoyote utakayoiona ni ya mashine. Ukizungumza na mtu wa Muhimbili au wa Nairobi ukamwambia "nyuzi nne, vichembe vitatu, vivimbe vitatu", anakuelewa bila ya maelezo. Fundi wa mashine akikubishia kwamba hakuna kilichoharibika, unamfungulia daftari. Itunze na jua tu, kwa sababu ndani mna nta: usiiache kwenye gari pale bandarini Malindi mkisubiri boti.

Ubaya wake niliujua kwa nafsi yangu. Katika chumba nilichowahi kufanya kazi, kila wiki niliandika nyuzi nne bila ya wasiwasi. Akaja mwalimu mgeni, akaichukua fantomu akaigeuza bila ya kuniambia, akanitaka nionyeshe kwa kidole ulipo uzi wa nne. Nilionyesha mahali ambapo haukuwapo. Macho yangu yalikuwa yanahesabu kwa kumbukumbu, na sijui kwa muda gani. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi: kitu ambacho unajua mahali kilipo hakipimi kama ungekiona.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Ndani ya akriliki mandhari ni tupu. Kima punju akivuka barabara mbele ya gari utamwona hata akiwa mtoto. Akiingia msitu wa Jozani, hata dume zima linapotea mbele ya macho yako. Mwaka 2001 Arthur Burgess na wenzake huko Marekani walilionyesha jambo hili kwa hesabu. Kwenye mandhari tupu, uvimbe ukiwa mkubwa unaonekana kwa urahisi zaidi. Ndani ya picha halisi za matiti inakuwa kinyume: uvimbe ukishapita milimita 1 hivi, kadiri unavyokua ndivyo unavyohitaji kutofautiana zaidi na jirani zake ndipo jicho liupate, kwa kuwa sasa umefanana na mabonge ya tezi. Nilipolisoma hilo nilifahamu kwa nini mashine inaweza kufaulu mtihani wa akriliki mwaka mzima na bado tukapitwa na uvimbe wa sentimita moja na nusu.

Ipo na fantomu nyengine ya mandhari tupu inayotumika sana Ulaya, CDMAM, yenye visahani vya dhahabu vya unene wa maikromita 0.03 hadi 2 vilivyobandikwa kwenye alumini. Ni kipimo kikali, husomwa kwa programu, na bei yake hufika maelfu ya dola. Kwa chumba cha Wete au Chake Chake sioni haja yake. Anayefaa kuinunua ni mwanafizikia anayezunguka hospitali nyingi.

Ninachokiona kina haja zaidi ni utaratibu uliochapishwa na shirika la nishati ya atomiki la Umoja wa Mataifa, IAEA, mwaka 2021, wa kukagua mashine kwa mbali. Fantomu yake ni sahili kabisa, mabamba ya akriliki na vipande vya metali, na fundi wa hapa hapa anaweza kuikata. Unaipiga picha kila siku ya kazi, programu ya bure inaisoma yenyewe na kuchora grafu, na mwanafizikia aliyeko Dar es Salaam anaweza kuitazama bila ya kupanda boti. Kwa kisiwa kisicho na mwanafizikia wa kudumu, sijaona kitu kinachoshinda hiki kwa thamani ya shilingi.

Titi la printa

Sasa tuje kwa kijana wa Tunguu, maana anachokisema si ndoto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walieleza jinsi walivyochapa matiti kutoka kwenye matiti ya kompyuta yaliyojengwa kwa picha za wanawake halisi. Ukilipiga eksirei titi la namna hiyo unaona matawi ya tezi yanavyopandana, ngozi ilivyokaa pembeni. Ndiyo maana linajibu lile swali la pili. Mashine inayojipimia yenyewe mionzi itaitafuta sehemu nzito ya titi kama inavyofanya kwa mgonjwa. Programu ya kung'arisha picha, ambayo huchanganyikiwa ikipewa bamba tupu, inapata kitu inachokifahamu. Na ukiwa na mashine ya tomosinthesisi, ile ambayo kichwa chake huzunguka kikipiga picha nyingi za dozi ndogo ili kulikata titi vipande vipande, akriliki tupu haiwezi kukuonyesha faida yake hata kidogo. Kazi ya mashine hiyo ni kuzitenganisha tezi zilizopandana, na kwenye akriliki hakuna kilichopandana na chenziwe.

Lakini "kuchapa" ni neno moja lenye kazi tatu tofauti, na lazima ujue kijana anazungumzia ipi.

Pengine anazungumzia printa ya uzi, kwa sababu ndiyo iliyopo. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka. Plastiki ya ABS huzuia mionzi karibu kama mafuta ya titi, na PLA hukaribia tezi, kwa hiyo kwenye karatasi mambo yamekaa vizuri. Uzi wa PLA ni rahisi pia. Kilo moja huko nje ni dola 20 hadi 30. Ugumu unaanza unapowasha printa.

Tundu la mdomo wa printa hizi kwa kawaida ni milimita 0.4. Vichembe vya chokaa tunavyovitafuta kwenye titi, ambavyo mara nyingi ndivyo dalili ya mwanzo kabisa, vingi havifiki ukubwa huo. Printa haiwezi kuvichora. Inabidi titi lichapwe nusu mbili na katikati uweke vichembe mwenyewe. Ganda la yai lililosagwa na kuchekechwa linafaa, kwa sababu nalo ni kalsiamu.

Kisha kuna hewa. Hata ukiiamuru printa ijaze asilimia 100, baina ya uzi na uzi hubaki nafasi nyembamba, na eksirei hafifu inaziona. Picha inatoka na mistari kama ukili wa mkeka. Mtu mgeni atadhani ditekta, ile sehemu ya mashine inayopokea picha, imeharibika. Dawa yake ni nyepesi: ligeuze titi robo mzunguko ulipige tena. Mstari uliogeuka pamoja na titi ni wa titi. Uliobaki palepale ni wa mashine.

Rangi nayo ina neno. Uzi mweupe hutiwa titani ili uwe mweupe, na titani huimeza mionzi yetu. Chukua uzi usiotiwa rangi, ununue wa kutosha kwa mara moja, kutoka fungu moja la kiwandani, kwa sababu fungu jengine linaweza kuzuia mionzi kwa kiasi chengine na ukajikuta unapima tofauti ya plastiki.

Halafu hali ya hewa yetu. Uzi wa PLA hunyonya unyevu, na wakati wa masika unyevu huo hugeuka mvuke ndani ya mdomo wa printa na kuacha vishimo ndani ya titi. Uzi ukaushwe kabla, uwekwe kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Titi lenyewe likishatoka lisikae juani, maana PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ndani ya gari lililofungwa mchana wa Januari dashibodi si mbali na hapo.

Na umeme. Nimepiga hesabu: titi lililobanwa la unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 16, likijazwa pomoni, linakula zaidi ya nusu kilo ya plastiki. Kwa printa ya kawaida hiyo ni kazi ya siku mbili au zaidi bila ya kusimama. Umeme ukikatika katikati, hata kama printa inajua kuendelea ilipoishia, pale iliposimama hubaki mshono, na mshono huo utauona kwenye kila picha maisha yake yote. Asiye na betri ya kumtosha asianze titi zima.

Aina ya pili ni printa ya resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa, yenye uwezo wa kutema tone kwa tone vitu viwili au zaidi kwa pamoja. Ndiyo waliyotumia watu wa Duke. Inachora kwa usahihi mkubwa na haiachi hewa. Shida ni kwamba resini zake nyingi zinakaribiana mno katika kuzuia mionzi, kwa hiyo mafuta na tezi hutoka na tofauti ndogo kuliko ile ya titi halisi. Na mashine yenyewe ni ghali; ni kitu cha kuagizia nje, si cha kuweka Mbweni.

Ya tatu ndiyo iliyonivutia moyo, nakiri. Mwaka 2017 wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walieleza titi walilolitengeneza kwa printa ya wino ya kawaida. Waliutia wino iodini, wakachapa kila kipande cha titi kwenye karatasi yake, penye tezi wino mwingi, penye mafuta mchache, kisha wakazipanga karatasi moja juu ya nyengine. Printa ya namna hiyo ipo kila duka la vifaa vya skuli pale Darajani. Fikiria kwamba rimu moja ya karatasi za kawaida, zile 500, ina unene wa sentimita 5 hivi: ni titi kamili lililobanwa. Kinachonirudisha nyuma ni karatasi yenyewe kwenye hewa ya visiwani. Karatasi inavimba, inajikunja, na kiwango cha iodini lazima kipimwe kwa uangalifu mkubwa ndipo tezi iwe tezi. Kwa maabara yenye kiyoyozi usiku na mchana, na mtu aliyejitolea kwa kazi hiyo tu, ningesema jaribuni. Kwa chumba chenye foleni ya wagonjwa, hapana.

Jambo jengine ambalo wauzaji hawalitaji. Titi lililochapwa kutoka kwenye picha za mwanamke ni titi la mwanamke yule. Faili likishatumwa kwa simu, limetoka. Kwetu ambako mama anaingia chumbani kwangu na kuniuliza mara tatu kama mlango umefungwa, siwezi kulichukulia hili kama jambo dogo. Sitara yake haiishii pale anapovaa buibui lake na kuondoka. Asiyeombwa ruhusa asichapwe. Na njia ipo: FDA hiyo hiyo, katika mradi wake wa VICTRE, imetoa programu ya bure inayounda titi la kubuni kwenye kompyuta, kuanzia ngozi hadi mirija ya maziwa, lisilo la mtu yeyote. Kijana wa Tunguu aanzie huko.

Mipira na maji: njia ya katikati

Hapa ndipo nusu ya pili ya jibu langu. Mwaka 2017 Lesley Cockmartin na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walieleza fantomu ambayo nikiitazama naona kama imebuniwa kwa ajili yetu. Ni chombo cha nusu duara kilichojazwa mipira ya akriliki ya ukubwa mbalimbali, kisha maji. Maji huzuia mionzi karibu sawa na tezi. Akriliki huzuia pungufu kidogo. Mipira na maji vikichanganyika vinatoa mandhari ya mabonge mabonge ambayo jicho linayapokea kama titi. Ndani yake wakaweka vichembe vya chokaa, na vivimbe vilivyochapwa kwa printa ya 3D, vingine laini, vingine vyenye miiba kama ile ya saratani.

Tazama kazi ilivyogawanywa. Printa imepewa kitu kidogo tu, uvimbe wa milimita chache, ambacho inakimaliza kabla umeme haujakatika. Ukikosea unachapa mwengine. Mandhari haikuhitaji kuchapwa. Na lililo bora kuliko yote: ukikitikisa chombo, mipira inahama na mandhari inakuwa mpya. Ile maradhi yangu ya kuhesabu kwa kumbukumbu haina nafasi. Piga picha, tikisa, piga tena, mara kumi, kisha mpe daktari azisome bila ya kumwambia vivimbe viko wapi na ni vingapi.

Masharti yake ni machache. Maji yawe yaliyosafishwa, yachemshwe na kupoa ili yasiwe na mapovu, na chombo kigongwegongwe taratibu baada ya kujazwa. Povu moja kwenye picha ni doa jeusi. Vivimbe vya printa ya uzi vina vinyweleo na vitanyonya maji, kwa hiyo vipakwe vanishi au vichapwe kwa resini. Maji yabadilishwe kabla hayajaota ukungu.

Upungufu wake ni kwamba haina matawi ya tezi wala ngozi kama titi lililochapwa zima, na haitafaa kumfundisha mwanafunzi maumbile. Pia haiwezi kulinganisha wiki na wiki kwa usahihi wa akriliki, kwa sababu ile ile inayoifanya nzuri: kila picha ni mpya.

La kufundishia mikono

Kuna titi jengine ambalo halikutajwa na muuzaji wala na kijana, nami nalitaka kuliko yote. Picha nyingi mbaya nilizoziona hazikuharibiwa na mashine. Ziliharibiwa na titi lililowekwa vibaya: chuchu imelala badala ya kutazama pembeni, msuli wa kifua umekatwa kabla haujashuka usawa wa chuchu kwenye picha ya mshazari, au titi limevutwa pungufu hata urefu wake kwenye picha mbili ukapishana kwa zaidi ya sentimita 1. Haya ni ya mikono, na mikono hujifunza kwa kugusa. Leo mwanafunzi hujifunzia kwa mgonjwa, mama wa watu amesimama anaumia, anabanwa kwa nguvu ya nyutoni 100 hadi 150, sawa na mzigo wa kilo 10 hadi 15, na anabanwa tena kwa sababu mara ya kwanza mtoto amekosea.

Titi la PLA haliwezi kazi hii, ni gumu kama kifuu. Kinachochapwa hapa ni kalibu yake tu, kisha ndani unamimina silikoni laini. Linabanwa, linavutika, linarudi. Ila usilitumie kuhukumu ubora wa picha: silikoni huzuia mionzi kuliko nyama, na titi litatoka jeupe kupita kiasi. Kalibu moja inatoa matiti mengi, makubwa na madogo, na hapo printa ya kijana wa Tunguu italipa gharama zake mwaka wa kwanza.

Nilivyomjibu

Mdogo wangu, ikiwa fungu ni la kitu kimoja, nunua akriliki. Kama mashine yako ni ya kidijitali na intaneti yako haisumbui sana, mabamba ya utaratibu wa IAEA yatangulie hata kabla ya fantomu ya ACR, kwa sababu yatakupa macho ya mwanafizikia kila siku. Titi la printa halichukui nafasi hiyo, hata likiwa zuri vipi; na ukaguzi wa mashine za mionzi Tanzania uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ambako kitu ulichokichapa mwenyewe hakikupi cheti.

Zikibaki hata laki chache, usimkatishe tamaa kijana. Mwambie titi zima asubiri. Akuchapie vivimbe sita, vitatu laini na vitatu vyenye miiba, na kalibu moja ya silikoni. Mipira ya akriliki iagizwe. Chombo atakikata fundi yeyote wa vioo.

Siku vitakapofika Mkoani, vipige picha vyote siku hiyohiyo, kabla mtu hajavigusa, kila kimoja mara tatu kwa mpangilio uleule. Zihifadhi picha hizo mahali pasipofutwa, na andika kwenye daftari kilovolti, dozi, tarehe, na namba ya fungu la uzi. Kisha nitumie zile za mipira. Nitazisoma mimi na daktari wetu wa hapa Unguja, kila mtu peke yake, nawe usituambie vivimbe umeviweka wapi.